Siku Tatu za Joto Katika Chumba cha Larvoisin

Wanangu, ninyi vijana, mliniomba nisimame ukumbini pale kanisani Takoma Park niwaeleze kazi niliyofanya miaka ishirini na miwili. Nilisimama, nikashika kipaza sauti, nikasema "Bwana asifiwe," nikakaa. Mlicheka, na mlikuwa na haki. Kusimama mbele za watu sijawahi kuweza, tangu darasa la kwanza mpaka la saba nilipoishia, kule Hombolo, Dodoma. Basi nimeandika. Mtakuta humu mambo ya chupa na vizibo, na yatawafaa wale mnaofanya kazi hotelini na maghalani. Lakini someni mkijua ninakokwenda. Nataka kueleza jinsi Papa Ilunga alivyofukuzwa kazi, mimi nikabaki.

Kazi yenyewe ilikuwa kulinda mvinyo wa watu. Ghala letu lilikuwa Fairfax, upande wa Virginia, jengo lisilo na dirisha hata moja, nyuma ya duka la matairi. Matajiri wa Washington walileta chupa zao pale zikae miaka kumi, ishirini, arobaini. Kwetu Dodoma tunaweka mtama ghalani, lakini mtama tunaula. Hawa wengine walikufa bila kufungua hata chupa moja, watoto wao wakaja na lori kuzichukua.

Mimi nimeokoka, situmii kileo. Mchungaji wetu wa kwanza hapa aliniuliza, "Ndugu Yona, umepata kazi wapi?" Nikasema ghalani. "Ghala la nini?" Nikasema la zabibu. Akanipongeza sana, akaniombea. Sikusema uongo, na wala sikusema kweli. Mtu mwenye haya hujifunza mapema kukaa katikati ya hivyo viwili, na kunakalika vizuri mno.

Aliyenifundisha kazi ni Papa Ilunga, Mkongo wa Lubumbashi, ambaye nilimkuta pale akiwa na miaka kumi na mitano ya kazi. Mtu mrefu, mwenye koti la kahawia la ghalani ambalo alilipiga pasi kila Jumapili. Kiswahili chake na changu vilikuwa vinagongana mwanzoni, kisha vikazoeana. Wiki yangu ya kwanza nilipokea masanduku mapya, nikaona nifanye kazi nzuri. Nikazipanga chupa zote zimesimama wima, lebo zikitazama mlangoni, kama dukani. Papa Ilunga akaingia, akashika kichwa.

"Yona! Umesimamisha wazee ya bantu!"

"Papa, nilitaka zionekane."

"Zionekane kwa nani? Kwa panya? Laza. Laza zote, pole pole, kama weye iko nalaza mtoto."

Chupa hulazwa ili mvinyo uguse kizibo. Kizibo kikikauka husinyaa, hewa huingia, na ndani unabaki na siki. Usiigeuzegeuze, kwa maana chini yake kuna mashapo yaliyotulia miaka mingi. Ukitaka kujua hali ya chupa kuukuu, usiiguse lebo wala usipanguse vumbi. Weka tochi nyuma ya shingo yake utazame mvinyo umefika wapi. Ukifika shingoni, nzuri. Ukishuka mpaka begani, muulize mwenye mali kama ana mpango wa kuinywa hivi karibuni. Na gusa kile kifuniko cha bati kilicho juu ya kizibo. Kikizunguka chini ya kidole, salama. Kikiwa kimenata, au kizibo kimejisukuma juu hata kwa unene wa ukucha, chupa hiyo imeona joto. Hilo la mwisho lishikeni.

Ghala lilikuwa na vyumba kumi na kimoja, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha Château Larvoisin peke yake. Hilo ni shamba la mizabibu kule Ufaransa, nalo ni dogo. Papa Ilunga alisema unaweza kulizunguka kwa miguu kabla chai haijapoa. Liko juu ya kilima cha changarawe kando ya mto, mahali ambapo mahindi yasingeota, na kwa sababu ya shida hiyo mizabibu hutuma mizizi chini sana na kuzaa kidogo. Wanatengeneza mvinyo wa aina tatu tu. Upo mwekundu mkubwa, wenye kisima kwenye lebo. Upo mwekundu mdogo, unaotoka kwenye mizabibu michanga. Na upo mweupe kidogo sana, ambao hugawiwa zaidi kuliko kuuzwa. Mwaka wa mvua mbaya ule mkubwa hautengenezwi kabisa. Zabibu zote zinaingia kwenye mdogo, na mwaka huo kisima hakionekani. Watu wenye pesa husubiri. Nilishangaa kwamba kuna kitu mtu mwenye pesa anaweza kulazimishwa kusubiri.

Nilimuuliza Papa Ilunga ladha yake ikoje, kwa kuwa mimi nisingeijua.

"Mwaka ya kwanza inakuuma," akasema. "Mwaka ya kumi inakunyamazia. Mwaka ya makumi mbili inakuomba pardon."

Yeye alionja mara chache sana, chupa ikivunjika au mteja akimwachia tone. Lakini mzabibu hakuwahi kuuona hata mmoja. Mimi niliyeonekana mshamba ndiye niliyekua nikivuna zabibu. Nikamwambia kwetu tunavuna mara mbili kwa mwaka, na ule mchuzi wa zabibu unanata mikononi siku tatu.

"Mara mbili? Weye muongo, mdogo wangu."

"Kweli, Papa. Hatuna baridi ya kuilaza mizabibu."

Akaniomba nimweleze jani lake likoje. Nikamchorea kwenye sanduku. Akautazama mchoro ule muda mrefu, mtu aliyelinda mvinyo karibu nusu ya maisha yake.

Larvoisin wana desturi moja ambayo mashamba mengi hayana. Kila baada ya miaka kadhaa humtuma mtu wao azunguke kwenye miji ambako chupa zao kuukuu zimelala. Anafungua kila chupa iliyozeeka, anaonja kijiko kimoja, anajaza pengo kwa mvinyo wa shamba lile lile, anaweka kizibo kipya, na kumpa mwenye mali cheti chenye muhuri. Chupa ikiwa imekufa hapewi cheti, na bei yake inakuwa bei ya glasi. Siku hiyo wateja hukaa nje na suti zao kama wazazi wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Aliyekuja kwetu alikuwa Madame Odile, mama wa mvi, mwembamba, mwenye mikono midogo yenye makovu ya mkasi wa kupogolea. Alipozungumza Kifaransa na Papa Ilunga, mzee yule alibadilika hadi sauti. Mara ya mwisho alipokuja, chupa zote zilipata cheti, na akamwambia Papa Ilunga kwamba mwaka atakaostaafu atamtumia tiketi aende Larvoisin wakati wa mavuno, alale kwenye nyumba ya shamba, akavune kwa mkono wake. Papa Ilunga alinirudia habari hiyo kila juma. Kustaafu kwake kulikuwa kumebaki miaka miwili.

Sasa nifike kwenye joto.

Mimi na Papa Ilunga tulikuwa na mazoea ya kushikiana zamu. Ratiba ilikuwa ya tajiri wetu, Bwana Hollis, imebandikwa ukutani, na kanuni ilisema mtu asibadilishane zamu bila idhini. Lakini kuomba idhini ni karatasi na maswali, na mmoja wetu akiwa na ubatizo au msiba alimwambia mwenzake kwa Kiswahili, "Nishikie," ikaisha. Aliyeshika aliandika daftarini herufi za mwanzo za jina la mwenye zamu. Watu weupe walituona tunacheka kwenye ngazi, hawakujua kwamba ratiba imebadilika palepale.

Mwezi wa saba, wikendi ndefu ya sikukuu, zamu ilikuwa ya Papa Ilunga kwa siku tatu. Mjukuu wake alikuwa anabatizwa Ohio. "Nishikie, Yona." Nikashika.

Kazi ya wikendi ni ndogo. Unazunguka vyumba mara tatu kwa siku, unasoma kipimajoto, unaandika. Kwa kipimo cha hapa Marekani, chumba cha mvinyo kinatakiwa kiwe hamsini na tano. Kikipita sitini unapiga simu mara moja kwenye namba ya dharura iliyoandikwa ukutani kwa wino mwekundu.

Jumamosi saa sita mchana mashine ya ubaridi ya chumba cha Larvoisin ilinyamaza. Nje kulikuwa na joto la kuyeyusha lami. Saa kumi kipimajoto kilisema sitini na sita.

Nilisimama mbele ya ile namba nyekundu. Mwaka wangu wa kwanza niliwahi kuipiga, na aliyepokea alimwita mwenzake aje asikilize ninavyosema, wakacheka wote wawili, kisha akaniambia nimpe simu mtu mwingine. Hakukuwa na mtu mwingine. Wanangu, hilo lilikuwa limepita miaka mingi, na kwa wakati ule nilikuwa na umri wa baba zenu. Bado nilisimama pale na mkono mfukoni. Nilijua pia wakija wataniuliza mimi ni nani na kwa nini nipo kwenye zamu ya Ilunga.

Nikashughulika. Nilizima na kuwasha swichi kuu mara nyingi. Nilileta feni ya ofisini. Nilinunua mifuko ya barafu, nikaipanga sakafuni kwenye ndoo, ikayeyuka. Jumapili kipimajoto kilifika sabini na tisa, Jumatatu mchana themanini na nne. Na kila nilipofika kwenye daftari niliandika hamsini na tano. Mara tisa, na ya Jumamosi asubuhi tu ndiyo iliyokuwa kweli. Pembeni niliweka herufi za Papa Ilunga, kama mazoea.

Jumatatu saa tisa alasiri mashine ilikohoa, ikawaka yenyewe. Nilipiga magoti palepale nikamshukuru Mungu. Sala ile inaniaibisha kuliko zile namba.

Papa Ilunga alirudi na kipande cha keki ya ubatizo ndani ya karatasi ya bati. "Mashini ilisema nini?"

"Ilikuwa sawa, Papa."

Baada ya wiki niliona chozi la mvinyo kwenye shingo ya chupa moja, limekauka, linanata. Kisha kwenye nyingine. Vizibo vilikuwa vimejisukuma. Macho ya Papa Ilunga yalikuwa yameanza ukungu, na kazi ya tochi alikuwa ameniachia mimi. Nilichukua kitambaa chenye maji nikapangusa.

Madame Odile akaja mwaka uliofuata, majira ya kuchipua. Papa Ilunga alivaa tai. Walitandika meza kwa kitambaa cheupe, wakaanza na sanduku la mteja mmoja, chupa kumi na mbili za kisima. Nilikuwa ninazibeba mimi. Tulikuwa watu wanne chumbani: Madame, Bwana Hollis, Papa Ilunga na mimi.

Alifungua ya kwanza, akanusa, akaonja, akatema. Akafungua ya pili. Alipofika ya nne aliweka kijiko chini akampa Papa Ilunga glasi. Papa Ilunga alinusa tu. Hata mimi nilisikia ile harufu, ya matunda yaliyochemshwa yakasahauliwa jikoni.

"Imepikwa," Papa Ilunga akasema kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza, kwa ajili ya tajiri.

Walifungua zote kumi na mbili. Zote zilikuwa zimekufa.

Bwana Hollis akaagiza daftari. Alipitisha kidole, akapumua, maana hakuona namba mbaya hata moja. Lakini Madame Odile aliomba alione. Alifungua kurasa taratibu, mwezi mmoja mmoja, akasimama kwenye ule wa saba. Akasema, na Papa Ilunga akamtafsiria tajiri neno kwa neno, kabla hajaelewa anatafsiri nini: "Chumba hupumua kama mtu. Siku zote hapa ni hamsini na nne, hamsini na sita, hamsini na tano. Siku hizi tatu ni hamsini na tano mara tisa. Hakuna chumba cha namna hiyo duniani. Huyu aliyeandika hakutazama kipimajoto, au alikitazama akaficha."

Bwana Hollis akasoma herufi za pembeni. Akatazama ratiba. "Ilunga, zamu hii ilikuwa yako?"

Papa Ilunga alilisogeza daftari karibu na macho yake mabovu. Zile tano zangu zina mkia mrefu, hivyo ndivyo tulivyofundishwa shuleni. Alizitambua. Nilimwona akizitambua.

"Zamu ilikuwa yangu," akasema kwa Kiingereza. Kisha akanigeukia, na kwa Kiswahili, bila hasira, akasema, "Yona. Sema."

Nilitazama kitambaa cha meza.

"Sema, mdogo wangu. Mi niko hapa."

Angeweza kunitaja. Alichofanya ni kunipa nafasi niseme mwenyewe, na aliponiona sisemi, alikwenda stoo kuchukua miwani yake alisome daftari vizuri. Hakuwa amekimbia. Alikwenda dakika mbili.

Ndani ya dakika hizo mbili Bwana Hollis, ambaye alimpenda yule mzee na alikuwa bado hajajua afanye nini, aliniuliza, "Amekuambia nini?"

Nikasema kwa Kiingereza changu, "Anasema ni kosa lake. Anaomba msamaha."

Simu sikuweza kuipiga. Hilo niliweza, na nililisema bila kusitasita.

Bwana Hollis alimtafsiria Madame Odile kwa Kifaransa chake cha kuokoteza. Yule mama akafumba macho. Papa Ilunga aliporudi na miwani, hakuna aliyemuuliza kitu tena. Alipewa nusu saa ya kukusanya vitu vyake. Alinyoosha mkono kumuaga Madame, na Madame alikuwa anafunga mkoba wake. Mlangoni alinipita. Koti la kahawia alilikunja vizuri akaliacha juu ya kiti.

Mwezi uliofuata nikapewa funguo zake. Nilikaa nazo miaka saba, mpaka nilipostaafu.

Yeye alipata kazi ya kuosha sufuria kwenye jiko la nyumba ya wazee, Silver Spring, akaifanya mpaka mgongo ukakataa. Tuliishi Adelphi majengo mawili mbali. Tukikutana kituo cha basi alinisalimu, akaniuliza habari za watoto. Hakuwahi kutaja daftari. Nilijiambia amesamehe, na nikajiambia kwamba kimya chake ni heshima kati yetu watu wazima. Ninyi mnamwita Papa Chemsha, kwa kuwa mlisikia kwamba alipika mvinyo wa watu. Kwenye sherehe ya Juni nilimsikia mmoja wenu akisema, "Msimpe Papa Chemsha alinde hizo soda, atazipika!" Wote mkacheka, naye akatabasamu kwa adabu akiwa na sahani yake ya wali magotini. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha tatu kutoka kwake. Wiki hiyohiyo nilianza kuandika.

Niliona si haki mpate karatasi hizi kabla yake. Jumamosi moja asubuhi nilikwenda kwake. Mkewe, Mama Beya, akatuwekea chai. Macho ya Papa Ilunga sasa hayasomi kabisa, akaniambia nisome mimi. Mimi, ambaye hata zaburi kanisani naikwepa. Nilisoma tangu neno la kwanza. Kwenye ile ya panya alicheka mpaka akakohoa. Kwenye joto alitikisa kichwa tu, kama mtu anayesikia habari anayoijua. Nikafika pale aliposema "Sema." Nikafika kwenye zile dakika mbili.

"Rudia hapo," akasema.

Nikarudia.

Chai yake ilikuwa mkononi, akaiweka chini akipapasa meza. "Ile Madame nilimwandikia barua mbili," akasema. "Sikutia jina yako. Nilimwambia zamu ilikuwa yangu lakini ile mkono haikuwa mkono yangu, yeye mwenyewe atazame namba. Hakujibu hata moja. Nilisema pengine alikufa. Nilisema pengine posta." Akakisogeza kikombe kando. "Mi nilidhani ulinyamaza, Yona. Kunyamaza nilikusamehe palepale, najua weye ni muntu ya haya. Sikujua ulisema."

Nikazikusanya karatasi zangu.

"Kila mwaka, mwezi ya tisa, nilikuwa nafikiri, leo banavuna." Akamgeukia mkewe. "Mama Beya, muletee koti yake."

Nilipofika mlangoni aliniita. Nilidhani ni kwaheri.

"Karatasi acha hapa. Andika zingine. Ya bale batoto, ya patron, na ya Madame. Na usipunguze."

Hizi mnazosoma nimeziandika upya tangu mstari wa kwanza. Bwana Hollis nitampelekea yake kwa mkono. Ya Madame Odile, kama angali hai, nilimpa binti yangu Neema anisaidie kuitia Kiingereza, na huko Larvoisin watamsomea. Neema anaelewa Kiswahili chote ingawa hujibu kwa Kiingereza, nanyi mnamjua. Alinirudishia karatasi zikiwa safi, zimepigwa chapa, na katikati ya ukurasa wa tano ameacha nafasi tupu. Nikamuuliza kulikoni.

"Hiyo ulishaisema kwa Kiingereza, Baba," akaniambia, safari hii kwa Kiswahili. "Andika mwenyewe."

Ni yale maneno machache niliyomwambia Bwana Hollis, na nayakumbuka yote. Leo asubuhi nimekaa mezani nikayaandika.